Barua ya wazi kutoka Pemba: Tarehe ya dawa za VVU ifuate bahari na mikarafuu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar,
Kwa Tume ya UKIMWI Zanzibar,
Kwa wasimamizi wa huduma za VVU na Bohari Kuu ya Dawa,
Kwa timu za afya za wilaya za Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani.

Assalaamu alaykum.

Tunawaandikia sisi tunaofanya kazi ndani na pembezoni mwa kliniki za CTC, yaani za matunzo na tiba ya VVU, hapa Pemba: wauguzi, watoa dawa, washauri nasaha na waelimishaji rika. Tuna ombi moja. Mtu aliyekwishazoea dawa za kufubaza VVU achague mwenyewe azipokee lini, wapi na kwa mkono wa nani. Uchaguzi wake uandikwe kwenye kadi, uheshimiwe, na ubadilishwe kila maisha yake yanapobadilika.

Dawa yenyewe siku hizi haina mzigo. Watu wazima wengi wanatumia kidonge kimoja kwa siku, chenye tenofovia miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegravia 50. Kinamezwa na chakula au bila chakula, asubuhi au usiku. Akimeza kila siku, virusi vinafubaa, na kipimo kisipoviona tena hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Akiacha, ndani ya wiki chache virusi vinapanda upya. Aliye pia na homa ya ini aina ya B yuko kwenye hatari zaidi, kwa sababu tenofovia na lamivudini ndizo zinazomzuilia ugonjwa huo pia, na zikikatika ghafla ini linaweza kuwaka.

Kwa hiyo kinachotuumiza kichwa ni kalenda. Mtu akipitisha siku 28 tangu tarehe aliyotakiwa kuja, jina lake linaingia kwenye orodha ya watoro. Neno hilo hatulipendi. Ukiisoma orodha hiyo kituo kwa kituo huku ukitazama mwezi na msimu, utaona wengi wao hawakukimbia dawa. Waliitwa siku ambayo hawakuweza kuja.

Chukueni mkulima wa mwani. Kazi yake haifanyiki kila siku. Inafanyika bamvua, maji yanapokauka hadi kwenye kamba na vigingi, siku chache tu mwezi mchanga na mwezi mpevu. Siku hizo ndizo anazovuna na kufunga mbegu mpya. Akiikosa bamvua moja, anangoja kama wiki mbili kuipata nyengine, na mwani uliokwisha komaa unakatika na kuchukuliwa na mawimbi. Kliniki iliyompa tarehe 15 ya Machi haikujua kwamba siku hiyo ni bamvua au maji mafu, yaani yasiyokauka sana, kwa sababu kalenda ya ukutani haisemi. Anayevua dagaa kwa taa ana hesabu yake nyengine: usiku wa giza yuko baharini, nafasi anaipata mbalamwezi. Na mchumaji wa karafuu, msimu ukifika, anahamia kambini shamba. Analipwa kwa alichochuma, na siku nzima ya foleni hospitali ni pishi alizozikosa.

Dawa ya hili haina gharama hata senti. Mkulima wa mwani apewe tarehe kwa mwezi mwandamo. Maji mafu huangukia karibu na tarehe 8 hadi 10, na tena 22 hadi 24, za mwezi wa Kiislamu. Akipangiwa leo mwezi 9, yaani tarehe 9 ya mwezi mwandamo, baada ya miezi sita mwandamo atarudi mwezi 9, na maji yatakuwa mafu vilevile. Miezi sita mwandamo ni siku 177. Makopo sita ya vidonge 30 ni vidonge 180. Anabakiwa na vitatu vya akiba, yaani hata boti ikikosekana siku mbili hajakatika. Mvuvi wa dagaa apangiwe mwezi 14 au 15. Kwenye kadi ziandikwe tarehe zote mbili, ya mwandamo na ya kawaida, ili muuguzi na mteja wasome kitu kimoja. Ikiangukia Jumamosi au Jumapili, isogezwe siku moja, maana maji mafu hayaishi kwa siku moja.

Hesabu hii ya vidonge tunaomba ishughulikiwe hata kwa wasiovua wala kulima mwani, kwa sababu ndipo kosa dogo linapojificha. Tukisema “miezi sita” tunafikiria vidonge 180. Lakini kutoka tarehe 5 Januari hadi tarehe 5 Julai ni siku 181, na kutoka tarehe 5 Machi hadi tarehe 5 Septemba ni siku 184. Mteja aliyetimiza kila kitu, hakuruka hata usiku mmoja, akaja siku ileile aliyoandikiwa, atakaa siku nne bila dawa, na kosa ni letu. Miadi ipangwe kwa kuhesabu siku. Wiki 24 ni siku 168. Zinamrudisha mtu siku ileile ya wiki, na zinambakishia vidonge 12. Vidonge hivyo vinatosha kungoja kusi litulie, au kumalizia matanga ya jamaa aliyefariki upande wa pili wa kisiwa.

Kutoa dawa za miezi mingi si jambo geni. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu aliyetimiza angalau miezi sita kwenye dawa, asiye na ugonjwa unaomsumbua, anayeelewa kwa nini anameza, na ambaye kipimo cha wingi wa virusi kimeonesha vimefubaa, aonwe na daktari na kupewa dawa kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na sita ndiyo bora. Kinachobaki ni mazoea, na hofu moja ambayo ni ya haki: akiba ya stoo.

Hofu hiyo tuizungumze kwa namba. Tuseme kituo kina wateja 300 wanaochukua kopo moja kila mwezi. Kwa mwaka ni makopo 3,600. Ukiwapa ya miezi sita, kwa mwaka ni makopo 3,600 yaleyale, hawali zaidi. Kinachoharibu ni kuwahamisha wote kwa pamoja, maana mwezi wa kwanza peke yake utataka makopo 1,800, stoo itakauka, na watu watarudishwa kwenye vidonge vya wiki mbili. Baada ya hapo kila mtu kituoni atasema mpango haufai. Njia salama ni kuwagawa mafungu sita ya watu 50. Mwezi wa kwanza fungu moja linapata makopo sita kila mtu, ambayo ni 300, na waliobaki 250 wanapata moja moja. Jumla ni 550. Mwezi wa pili ni 500, wa tatu 450, halafu 400, 350, na wa sita 300. Kuanzia mwezi wa saba kituo kinatoa makopo 300 kila mwezi, sawasawa na zamani. Katika nusu mwaka ya kuhama yametoka makopo 2,550 badala ya 1,800. Tofauti ni makopo 750, mara moja tu. Bohari Kuu ikijua mapema kila kituo kitaanza mwezi gani, makopo hayo yanaingia kwenye oda bila mtu kushtuka. Na zikiagizwa chupa za vidonge 90, mteja ataondoka na chupa mbili badala ya sita, jambo ambalo kwa anayeficha dawa kwenye mkoba si dogo hata kidogo.

Faida iko kwa kituo pia. Wateja haohao 300 wakija kila mwezi ni mahudhurio 3,600 kwa mwaka. Kliniki inayofunguliwa siku moja kwa wiki inapokea watu 69 siku hiyo. Wakija kila miezi sita, wanabaki 11 au 12. Muuguzi aliyekuwa akigonga mihuri anapata muda wa kukaa na mtu ambaye virusi vyake havijafubaa, na huyo ndiye anayehitaji kukaa naye. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kila aliye kwenye huduma hizi aliona jinsi mishahara ya wahudumu na usafirishaji wa sampuli vinavyotegemea mkono wa mbali. Huduma inayohitaji foleni fupi inahimili mtikisiko kama ule kuliko inayomwita kila mtu kila mwezi.

Kuna jambo moja linaloharibu mpango mzima wa miezi sita, na halitajwi: dawa nyengine. Mteja anapewa dawa za VVU za miezi sita, lakini vidonge vya presha anaambiwa afuate kila mwezi, Septrini ya kumkinga na maambukizi mengine kila mwezi, na dawa ya kinga ya kifua kikuu tarehe yake nyengine. Hapo hajapunguziwa safari hata moja. Tunaomba kila dawa ya kudumu ya mtu huyo itolewe kwa siku moja na kwa muda mmoja, na kituo kisichoweza kufanya hivyo kisihesabiwe kuwa kimeanza.

Anayependa kuja kituoni aje, ila asipite njia ya mgonjwa. Aende moja kwa moja kwenye dirisha la dawa, bila kuvutiwa faili, bila kungoja mizani. Mtoa dawa amuulize kama ana kikohozi, homa, jasho la usiku au kupungua uzito. Kisha amuulize kama ameruka vidonge, kama ni mjamzito, na kama kuna dawa mpya aliyoanza. Akijibu vizuri anapewa dawa zake na kuondoka. Akiwa na dalili, ndipo anaingia kwa daktari, siku hiyohiyo. Dirisha liwe lilelile la wagonjwa wote na mfuko uwe uleule wa wagonjwa wote. Kisiwa chetu ni kidogo. Maambukizi kwa watu wazima wa Zanzibar yako chini ya asilimia 1, na uchache huo ndio unaomfanya kila mmoja atambulike haraka. Kukiwa na benchi la peke yake, au siku inayojulikana kuwa ni “siku ya CTC”, shehia nzima inajua nani alikaa pale. Wapo wanaolipa nauli ya gari ya shamba kutoka Micheweni hadi Chake Chake, au boti hadi Unguja, kwa sababu tu hawataki kuonekana kituo cha jirani. Hao nao wasilazimishwe kurudi “kituo chao” kwa jina la kusogeza huduma. Kusogea karibu kwa mmoja ni kufichuka kwa mwengine.

Kufichuka huko kunafika mpaka kwenye kopo lenyewe. Vidonge vinalia ndani ya chupa. Mtu aliyepanda daladala na chupa sita zinazolia anaona kama kila abiria anazisikia, kwa hiyo akifika njiani anazimimina kwenye mfuko na kutupa chupa. Dawa hizi hazipendi unyevu, na kile kifuko kidogo kilichomo ndani ya chupa kimewekwa kwa ajili hiyo. Hewa yetu ya baharini inaziharibu zikikaa wazi. Basi mtoa dawa ampe mteja pamba safi ajaze juu ya vidonge, amwache aibandue lebo ya nje akitaka baada ya kuisoma, na amwambie: ziache ndani ya chupa yake, mfuniko ukaze, pasipofika jua wala moto wa jikoni, joto lisizidi nyuzi 30. Chumbani chini ya kitanda ni afadhali kuliko darini chini ya bati.

Wavuvi wa dago, wanaohamia kambi za uvuvi za mbali, tunaomba muwatazame kwa jicho lao. Anayekwenda kupiga dago pwani ya Tanga au Kenya anaweza kukaa miezi bila kurudi, na siku ya kurudi haijui yeye wala nahodha. Mara nyingi anaaga usiku kwa usiku upepo ukiwa mzuri. Huyu asingojwe kuomba ruhusa. Kila mvuvi na kila baharia aulizwe mapema, “Dago lini?”, na kabla ya msimu awe na kopo moja zaidi ya hesabu yake. Apewe karatasi ndogo yenye namba ya kadi yake, jina la dawa na tarehe aliyopokea mara ya mwisho. Upande wenu, viongozi wetu, tunaomba makubaliano ya wazi na wenzenu wa Tanzania Bara: mtu akifika kliniki yoyote na karatasi hiyo apewe vidonge 30 palepale, bila kufunguliwa faili jipya, bila kuambiwa akalete barua ya uhamisho kutoka Pemba. Kidonge kilichoko Tanga ni hichihichi. Kinachokosekana ni ruhusa ya maandishi ambayo mtoa dawa wa kule anaweza kuishika mkononi.

Kwa Kojani, Fundo, Makoongwe, Kisiwa Panza na vijiji vya mbali, huduma za mkoba zinafaa zikichanganywa. Boti ileile ilete chanjo, vipimo vya presha na sukari, uzazi wa mpango na dawa za VVU, zote kwenye meza moja. Boti inayokuja kwa ajili ya VVU peke yake itangojwa na watoto ufukweni wakihesabu nani amekwenda.

Na vikundi? Msumbiji, katika jimbo la Tete, tangu 2008 watu wanaoishi na VVU walijiunga kwenye vikundi vidogo, mmoja akaenda kituoni kuwachukulia wenzake kwa zamu. Njia hiyo imeokoa safari nyingi kule. Hapa kwetu tunashauri isilazimishwe. Kijiji cha Pemba ni ukoo mmoja, na siri ya watu sita inakuwa ya watu sitini. Kikundi kinachofaa hapa ni kile kilichokwishakuwepo: mume na mke, mama na mwanawe, ndugu wawili wanaojuana. Waruhusiwe kuchukuliana, kwa jina la aliyetajwa kwenye kadi, na kila mmoja afike mwenyewe angalau mara moja kwa mwaka kwa ajili ya damu.

Hiyo damu ndiyo mlango wa mpango wote, na mara nyengine mlango unafungwa kwa kosa lisilo la mteja. Kipimo cha wingi wa virusi kinachukuliwa mtu akitimiza miezi sita kwenye dawa, akitimiza miezi 12, kisha mara moja kila mwaka. Kichukuliwe siku ya dawa, asiitwe siku nyengine. Damu iliyo kwenye chupa inatakiwa itenganishwe maabara, majimaji mbali na chembe, ndani ya saa 24, na ikichelewa na boti inatupwa, kisha mteja anaitwa tena. Visiwani zitumike kadi za matone ya damu yaliyokaushwa, ambazo hazihitaji barafu. Jibu likichelewa kwa sababu ya mashine au usafiri, mteja asirudishwe kwenye mwezi mmoja mmoja kama aliyeshindwa. Abaki alipo, na sisi ndio tufuatilie. Ujumbe wa simu useme tu, “Tunakukumbusha miadi yako.” Usitaje dawa, usitaje kliniki, kwa kuwa simu moja hushikwa na watu wanne.

Watoto wanataka tahadhari yao, kwani dozi inafuata uzito. Kidonge cha dolutegravia cha kuyeyusha cha miligramu 10 ni kimoja na nusu kwa mtoto wa kilo 6 hadi 9.9, viwili kwa kilo 10 hadi 13.9, viwili na nusu kwa kilo 14 hadi 19.9. Ukimpa mtoto mdogo dawa ya miezi sita, atazidi uzito kabla haijesha. Miezi mitatu inatosha. Wanaosoma wapangiwe likizo za skuli, au Jumamosi. Mama mjamzito aliyekuwa kwenye miezi sita asirudishwe mwanzo. Apate dawa zake kwenye kliniki ya mama na mtoto, na aelezwe kuhusu vidonge vya chuma: dolutegravia imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake, maana chuma huizuia isifyonzwe vizuri. Vivyo hivyo dawa za kiungulia, na hili lisemwe zaidi karibu na Ramadhani, kwani wengi huzitafuta baada ya futari. Anayemeza kila usiku kabla ya kulala, saumu haimgusi.

Wanaotumia methadoni, dawa ya wanaoacha heroini, wapewe dawa za VVU dirisha lilelile wanalokwenda kila siku. Hapo hatuna la kuongeza.

Mwisho ni yule aliyepotea akarudi. Anarudi akiwa na aibu, mara nyingi Jumatatu, mara nyingi mlango wa nyuma. Akikemewa, au akaambiwa aje wiki ijayo kwa nasaha tatu kabla ya dawa, hatumuoni tena. Apewe dawa siku hiyohiyo. Apimwe CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, na ikiwa chini ya 200 atafutiwe kifua kikuu na maambukizi ya fangasi ya ubongo kabla hajazidiwa. Mwezi mmoja wa kwanza, kisha mitatu, na virusi vikifubaa arudi kwenye sita kama wenzake. Swali la kumuuliza ni, “Tulikuweka tarehe gani iliyokushinda?” Jibu lake liandikwe kwenye faili, na mwisho wa kila robo mwaka majibu hayo yafike wilayani pamoja na idadi ya watoro.

Tuko tayari kukaa na watoa dawa wa wilaya zote nne, kituo kwa kituo, tuhesabu wateja, makopo na mafungu ya kuanzia. Tungependa hesabu hiyo ikamilike kabla wachumaji hawajahamia kambini.

Wenu katika kazi,
Watoa huduma na waelimishaji rika wa VVU,
Pemba